Malaika hakumhubiria Eliya

Nilikuwa naamka saa tisa usiku. Kila siku saa tisa, kama mtu aliyetegeshewa kengele, na usingizi haurudi tena. Chakula nilikitafuna kama karatasi. Kwenye kwaya, mimi niliyeimba besi miaka kumi na moja, nilisimama mstari wa nyuma nikichezesha midomo tu. Wala hakuna msiba ulionipata. Kazi ilikuwepo, mke mzima, watoto wazima. Nadhani hilo ndilo lililowachanganya watu. Ningekuwa nimefiwa, wangenielewa.

Zahanati nilikwenda mara tatu: kichwa, tumbo, uchovu. Nikapimwa malaria, nikapimwa taifodi, nikaondoka na dawa za vidonda vya tumbo. Siwalaumu sana, maana nami sikusema kilichokuwa kinanila. Kwetu mwanaume hasemi ana huzuni, anasema mwili hauna nguvu. Na tukijitahidi kuitaja sonona, huu ugonjwa wa huzuni ulionipata, tunasema "ana mawazo", kana kwamba mawazo ni mzigo ambao mwenyewe akitaka anautua. Washona wa Zimbabwe nao wana neno lao, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Kumbe si sisi peke yetu.

Aliyenigundua ni daktari kijana wa hospitali ya mkoa. Aliniuliza maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita: usingizi, hamu ya kula, kama bado kuna kinachonifurahisha, kama najiona sina thamani. La tisa lilikuwa kama nimewahi kuona afadhali nife. Nililia pale pale, mtu mzima na miwani yangu. Wapo wanaoogopa kuuliza swali hilo wakidhani watampa mgonjwa wazo. Mimi wazo nilikuwa nalo tayari, nilichokosa ni mtu wa kuniuliza. Akanipima wingi wa damu na tezi ya shingo, kwa sababu damu ikipungua au tezi ikizembea mtu anaweza kuonekana ana sonona kumbe tatizo liko kwingine. Vyote vilikuwa sawa. Akaniandikia amitriptilini, dawa ya sonona, kidonge cha usiku.

Hapa ndipo wengi tunapojikwaa, kwa hiyo nitakaa kidogo. Dawa hizi madhara yake hutangulia, nafuu hufuata. Siku ya pili tu mdomo ulikuwa mkavu kama nimekula vumbi, asubuhi kichwa kizito. Lakini moyo kuanza kuchangamka huchukua wiki mbili, nne, wakati mwingine zaidi. Katikati hapo unaona umepewa sumu. Na hata ukishapona, unaendelea kumeza kwa miezi sita au zaidi, kisha daktari anakupunguzia taratibu. Si kama valiamu ambazo watu hununua duka la dawa wapate usingizi. Hizo ndizo za kuogopa, maana mwili huzizoea upesi, na sonona yenyewe haziitibu.

Mimi niliacha wiki ya tatu. Kulikuwa na mkesha, nikaombewa, mzee mmoja wa maombi akaniambia siwezi kumshika Mungu na kidonge kwa mkono mmoja. (Yeye mwenyewe alikuwa anameza vidonge vya presha. Nilijua, tulikuwa tunakutana kliniki.) Usiku ule nilijisikia mwepesi kweli, sitadanganya. Jumapili nikapanda mbele nikatoa ushuhuda, akina mama wakapiga vigelegele.

Baada ya mwezi nikazama kuliko mara ya kwanza, na safari hii sikuwa na pa kusemea. Ningewaambiaje watu walionipigia vigelegele? Ule ushuhuda ulinifunga mdomo. Kama kuna jambo moja ningewaomba wachungaji wetu, ni hilo: msimharakishe mgonjwa kwenye kipaza sauti. Sisemi maombi hayafanyi kazi. Mimi ni mtu wa maombi, na mapepo siyakatai. Ninachokataa ni kumfanya aliyerudiwa na ugonjwa aonekane amemwangusha Mungu.

Someni tena 1 Wafalme 19. Eliya ametoka kushusha moto Karmeli, na sura inayofuata yuko chini ya mti wa mretemu jangwani anaomba afe. "Yatosha," anasema. Imani gani ilimpungukia mtu huyo? Malaika anapokuja hamkemei, hamhubirii, hamuulizi ana dhambi gani. Anamgusa, anampa mkate na maji. Eliya anakula, analala tena. Malaika anarudi mara ya pili, chakula tena. Maneno ya Horebu, mlima ambako Mungu alisema naye, yanakuja siku arobaini baadaye. Sisi tunaanzia Horebu, tena kwa sauti ya juu, mgonjwa hajala tangu jana. Na Zaburi ya 88 inaishia gizani, haina hata mstari mmoja wa kufariji mwishoni. Sijawahi kusikia kwaya ikiiimba, lakini imo kwenye Biblia, na usiku ule wa saa tisa ndiyo niliyoweza kuisoma.

Wala kanisa kutibu akili si jambo geni. Kule Lutindi, milima ya Usambara, hospitali ya Walutheri imekuwa ikitunza wagonjwa wa akili tangu enzi za Wajerumani. Wazee wetu hawakuona ugomvi kati ya sala na kidonge. Tumeutoa wapi?

Nilirudi kwa daktari kwa aibu. Hakunisema, alianza upya tu. Mke wangu ndiye sasa anayenikumbusha kidonge, baada ya sala ya jioni, kwa mpangilio huo. Naye mama mmoja wa jumuiya alikuwa ananiletea uji kila Jumatano, anakaa nusu saa, anaongea habari za kuku wake, anaondoka. Wewe unayesoma hili huku unawaza kufa, mwambie mtu leo, na nenda hospitali leo, usisubiri mkesha wa Ijumaa.

Kliniki ya afya ya akili kwetu ina benchi moja refu la mbao, uso kwa uso na geti, kila apitaye anakuona. Mwezi uliopita nilimkuta mtu amekaa mwisho kabisa, kofia ameivuta mpaka machoni. Nilimjua kwa viatu. Ni yule mzee wa maombi.

"Bwana Yesu asifiwe, mzee."

"Amina," akasema, akasogea nipate pa kukaa.