Kuachiliwa Bila Kuwa Huru

Kifungu cha 50(2)(o) cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinamkinga mtu asishtakiwe tena kwa tendo ambalo tayari alipatikana na hatia au aliachiliwa huru. Ninaithamini sana kinga hiyo, lakini inamfaa mshtakiwa baada ya uamuzi kutolewa tu, ilhali mashaka yake huanza siku anaposomewa mashtaka.

Kifungu cha 87(a) cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinaruhusu kesi iondolewe, kwa idhini ya mahakama, kabla mshtakiwa hajatakiwa kujitetea, na hilo halizuii kesi ileile kufunguliwa upya. Chukua mchuuzi anayeshtakiwa kwa wizi. Amekwenda kortini miezi na miezi, hati ya shamba la babake imewekwa dhamana, na mashahidi wawili wamehojiwa na wakili wake hadi maelezo yao yakagongana. Kesi inaondolewa, hati inarudishwa. Kisha anakamatwa tena na kufikishwa mbele ya hakimu mwingine, na sasa upande wa mashtaka unajua fika mahali ulipoteleza. Kisheria hajashtakiwa mara mbili. Kwake yeye, na kwa babake anayeitoa hati ile tena kabatini, ameshtakiwa mara mbili.

Mwaka 1966, katika kesi ya Fatehali Manji, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilikataa kesi isikilizwe upya ili tu upande wa mashtaka uzibe mapengo ya ushahidi wake. Sioni kwa nini tahadhari hiyo ifuatwe kwenye rufaa, halafu ipuuzwe katika mahakama ya chini. Nchini Marekani, kinga ya kutoshtakiwa mara mbili huanza pale baraza la wazee wa mahakama linapoapishwa, au shahidi wa kwanza anapoapishwa ikiwa jaji anasikiliza peke yake.

Wapo watakaosema kwamba kinga ikianza mapema hivyo, waathiriwa watanyimwa haki. Hoja hiyo ni nzito, hasa pale shahidi anapotishwa au kufichwa. Ndiyo maana napendekeza Bunge lirekebishe kifungu cha 87(a) ili, shahidi wa kwanza akishatoa ushahidi, kuondolewa kwa kesi kuwe ni kuachiliwa huru, isipokuwa upande wa mashtaka uthibitishe kwa hati ya kiapo kwamba kikwazo hakikutokana na uzembe wake. Kabla ya marekebisho hayo, mahakimu wanayo tayari nguvu ya kifungu cha 157(8) cha Katiba: Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma hawezi kusitisha kesi bila idhini ya mahakama, na idhini hiyo inaweza kunyimwa.