Nimelipa Kiingilio Nikaangalie Choo

Mimi ni fundi bomba. Huu mwaka wa 14 naziba maji ya watu Mbagala na mitaa ya jirani. Koki ambayo washa yake, ile raba ya ndani, imekwisha naijua kwa mlio, na bomba lililopasuka chini ya sakafu nalikuta kabla sijashika sururu. Kwa hiyo kuumbuliwa na kitoto cha miaka miwili na nusu, siku ya Idi Pili, mbele ya umati uliovaa nguo mpya, ni jambo ambalo sikulitegemea kabisa. Valvu iliyonishinda Dar es Salaam hii ni moja tu, na hiyo nimeizaa mwenyewe.

Wazo la kumwachisha Rama pampasi siku nne kabla ya sikukuu halikuwa langu. Mama Rama anamfuatilia dada mmoja kwenye simu anayefundisha wazazi wenzake, na dada huyo ana masharti. Ukishaanza hurudi nyuma. Mtoto akifanikiwa, nyumba nzima mnapiga makofi na kusema hongera. Kisha anapewa pipi moja. Nikasema, Mama Rama, tunakwenda bustani ya michezo, kuna mabembea ya umeme, kuna mabwawa, kuna watu kama siafu; kwa siku moja tu tumtie pampasi. Aliniangalia kama nimesema tumrudishe wodini alikozaliwa.

Mama mkwe alikuwa amekuja kula sikukuu kwetu, Mdigo wa Mkinga, Tanga. Yeye hata hakuelewa tunabishana nini.

"Miaka miwili na nusu?" akasema. "Kwetu mtoto wa miezi sita hakojoi ovyo."

Nikacheka kama mkwe anavyotakiwa kucheka, yaani kimoyomoyo. Usiku nikaingia kwenye simu nipate cha kumjibu, hata cha moyoni tu. Nikakuta kwamba mwaka 1977 jarida la madaktari wa watoto la Marekani, Pediatrics, lilichapisha utafiti kuhusu Wadigo hao hao, wa upande wa Kenya. Mama anaanza mtoto akiwa na wiki chache tu. Anakaa chini, ananyoosha miguu, anamweka mtoto katikati, anamwambia "shuuu". Ikifika miezi mitano au sita, mtoto anaijua kazi yake. Nikazima simu nikalala. Yaani unamtafutia mama mkwe makosa, unakuta Wamarekani walishafika kabla yako wakakiri hana.

Asubuhi tukafunga safari. Begi lilikuwa na chupi sita, suruali moja ya akiba, taulo, pakiti ya pipi, na poti ya plastiki ya Kariakoo, ya njano, umbo la bata. Bata mwenyewe ana shingo ndefu, hakuna begi linalommeza. Kichwa kikawa kinachungulia nje ya zipu safari nzima, na kwenye daladala konda akauliza kama na huyo tunamlipia nauli.

Rama alikuwa amevaa suti. Nyeupe, vipande vitatu, mamaye aliichagua. Suruali ina zipu, juu ya zipu kifungo, ndani ya kifungo kibana cha chuma, juu ya vyote mkanda. Mageti ya benki hayafungwi hivyo. Mama mkwe alikuja na kanzu ya mjukuu wake kutoka Tanga, akaambiwa hapana, kanzu aliivaa jana, Idi Mosi, leo ni suti. Mimi kanzu yangu niliruhusiwa. Na viatu, hivyo ngoja nivisimulie vizuri kwa sababu vina kesi yao: vile vya kuwaka taa kwenye soli kila mtoto anapokanyaga, nyekundu na buluu, kama gari la polisi.

Njiani kote hakusema kitu. Saa nzima na nusu kwenye foleni, mkavu. Nikaanza kujivuna. Nikamwambia mama mkwe, mama, unaona, anaelewa. Mama akatazama dirishani.

Getini mlinzi akafungua begi, akamtoa bata kwa shingo.

"Mzee, hii nini?"

"Poti."

"Vyakula na vyombo vya nje haviruhusiwi."

"Ndugu yangu, hiki si chombo cha kuingizia. Cha kutolea."

Akakirudisha haraka.

Nikalipa kiingilio cha watu wazima watatu na mtoto. Sitataja kiasi, roho itaniuma upya. Hatua kumi ndani ya geti, Rama kaona mabembea, kaona treni ya watoto, kaona farasi wa kuzunguka, akaruka kwa furaha, taa za viatu zikawaka. Akasimama ghafla. Akashika suruali.

"Baba, kojo."

Choo kiko mwisho. Unapita mabembea, unapita treni, unapita bwawa, unapita banda la chipsi, unaona mnazi, unakata kushoto. Nikamwangalia Mama Rama. Akasema mtoto wa kiume anakwenda na baba yake. Nikambeba mkono mmoja, bata mkono wa pili, mbio. Kufika, nikafungua mkanda, kifungo, kibana, zipu. Nikamkalisha juu ya bata. Tukatazamana. Kimya. Akainama akachungulia chini, akainua kichwa, akanipa taarifa: "Hakuna."

Tukarudi. Tukapanga foleni ya treni. Tulipobakiza watu wawili mbele yetu: "Baba, kojo." Mnazi, kushoto, mkanda, kifungo, kibana, zipu. Hakuna.

Mara ya tatu nilikuwa nimefika kwenye kibana. Kibana ndicho kilichotuangusha. Nasikia mtoto kanyamaza, uso umelegea, macho yanatazama mbali kama mtu anayesikiliza mawaidha, na mimi kidole bado kinahangaika na chuma kile. Yakashuka yote kwenye suti nyeupe, yakapita magotini, yakaingia viatuni. Tangu hapo kila akikanyaga, kiatu kinawaka taa na kulia chwaa. Nyekundu, chwaa. Buluu, chwaa. Watu walikuwa wanageuka.

Sasa nguo mbichi unaiweka wapi? Zamani ungetoa rambo mfukoni, ukafunga fundo, mambo yakaisha. Lakini tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku, na mimi sipingi, mitaro ninayozibua ninajua ilikuwa imejaa nini. Ila ile mifuko mbadala ya kitambaa haijatengenezwa kwa kazi ya baba. Nikatia suruali mle, baada ya dakika mbili mfuko wenyewe ukaanza kukojoa.

Mama Rama akanunua soda mbili za kumtuliza mtoto. Hapo nikaona ufundi uingilie kati. Nilishasoma usiku ule ule kwamba kibofu cha mtoto kinakadiriwa hivi: chukua umri wake, jumlisha moja, zidisha kwa 30, unapata mililita. Rama miaka miwili na nusu, kwa hiyo tanki lake ni mililita 105. Soda ya chupa ni 350. Chupa moja ni matanki matatu na kidogo. Nikamweleza mke wangu kwa vidole, nikamwomba mtoto anywe robo tu, zilizobaki nimalizie mimi. Akakubali. Hivyo ndivyo nilivyoishia kunywa soda mbili kasoro, juu ya chai vikombe viwili vya asubuhi na dafu la getini. Likumbukeni hili, mbele lina kazi.

Mara ya nne tukafanikiwa. Matone mawili, matatu hivi, ndani ya bata. Nikapiga makofi, nikasema hongera, nikatoa pipi. Mzee mmoja aliyekuwa ananawa mikono akapiga makofi na yeye.

Mara ya tano, matone. Makofi, pipi. Ya sita, matone. Ya saba, matone. Treni ya watoto nimeiona inaondoka mara saba, sijui hata ina mabehewa mangapi. Mama anayefagia chooni alishatuzoea. Akituona kwa mbali anasogeza ndoo na kusema karibuni tena.

Mara ya nane, nikiwa nimechuchumaa pale, nikapigwa na wazo la kitaalamu. Koki mbovu haiachii matone matatu halafu ikafunga kavu. Koki mbovu inavuja mfululizo. Hii ilikuwa inafunguka, inatoa kidogo, inafungwa, mkono unanyooshwa kuomba pipi. Valvu ni nzima! Mwenye nayo ndiye mfanyabiashara. Mwanangu alikuwa ananiuzia mkojo rejareja. Mzigo wa pipi moja kaugawa mafungu kumi kama mama muuza nyanya, na mimi mteja wake nakimbia kutoka mwisho wa bustani kuja kununua.

Nikajaribu kugoma. Mara ya tisa nikasema Rama, leo pipi ni kwa mkojo mwingi. Akaniangalia kwa huruma, akavaa chupi yake, tukatoka. Alipofika kwenye banda la chipsi, mbele ya foleni, akatoa wote uliobaki. Wa jumla, bila malipo.

Suruali ya mwisho hiyo. Mama mkwe alikuwa amekaa kivulini muda wote anakula karanga. Akanyanyuka, akamvua Rama kila kitu, viatu na soksi navyo, akafungua pochi yake, akatoa kanzu. Ile ile. Aliibeba kimyakimya tangu nyumbani. Akamvisha, ndani hakuna chupi wala kibana.

"Mume wangu," akamwambia mjukuu wake, "umebanwa, unanyanyua, unamaliza." Tukaenda mara ya kumi na ya kumi na moja, kila moja sekunde tano. Nikajisikia mjinga. Miaka yote na vifaa vyote vile, kumbe ulihitajika mwanya wa kupitisha hewa.

Basi, jua likiwa linashuka, mama mkwe akasema hawezi kutoka Tanga kuja kukaa chini ya mti, na yeye anataka kupanda lile gurudumu kubwa lenye vibanda vya kukalia. Tukapanda wote wanne. Bata akabaki chini kwa kijana wa tiketi. Gurudumu likatupandisha taratibu, mapaa ya mabati yakawa madogo, bahari ikaonekana kama kitenge kilichoanikwa, na kibanda chetu kilipofika juu kabisa, likasimama kupakia watu wengine.

"Bibi, kojo."

Mama mkwe hakushtuka. Akatandika khanga, akashuka kwenye sakafu ya kibanda, akanyoosha miguu yote miwili, akamweka Rama katikati, akampandisha kanzu, mbele akaweka chupa tupu ya maji. Nikasema moyoni, Wallahi, 1977 hii hapa mbele yangu. Akaanza.

"Shuuuuu."

Rama kimya.

"Shuuuuuuu."

Rama anatazama bahari. Mimi ndipo nilipohisi kitu. Kwanza nilidhani ni upepo. Kisha chai vikombe viwili, dafu na zile soda mbili kasoro zikaitika kwa pamoja, kama wanafunzi walioitwa majina. Nimeingia chooni mara 11 siku ile, na hata mara moja sikuingia kwa shughuli yangu.

"Shuuuuuuuuu," mama mkwe anaendelea, kwa ustadi wa vizazi vyote vya Mkinga.

Nikakunja miguu. Nikaimba kimoyomoyo. Ungekuwa wewe ungesema? Mkwe humtazami machoni, itakuwa kumwambia mama, samahani, hiyo shuuu imekosea anwani?

"Baba Rama, mbona unatoka jasho?" mke wangu akauliza.

"Upepo," nikasema.

Rama akachungulia kwenye chupa. "Hakuna."

Gurudumu lilipotua sikungoja mlango ufunguliwe wote. Nilinyanyua kanzu mpaka magotini, nikapita mabembea, nikapita treni, bwawa, chipsi, mnazi, kushoto. Na saa hiyo, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, choo kikawa na foleni. Siku nzima nilikuwa nasema "samahani jamani, mtoto kabanwa" na watu wananipisha. Mdomo ukazoea, ukasema hivyo hivyo.

"Samahani jamani, mtoto kabanwa."

Watu sita wakageuka, wakanitazama juu mpaka chini.

"Mtoto yuko wapi?"

Nikasimama nyuma kama wengine, mguu mmoja juu ya mwingine. Ndipo nikasikia kutoka nje, kwa sauti iliyovuka ukuta, maneno ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nayasema tangu saa tatu asubuhi:

"Baba, useme mapema! Useme mapema!"

Foleni ikanipisha.

Nilipotoka walikuwa wamejipanga pale kwenye mnazi. Mama mkwe amegeuza uso upande wa bahari kwa heshima, ila mabega yanatikisika. Mama Rama hakujificha hata kidogo. Mama mfagizi ameegemea ufagio. Rama akaja mbele peku, na kanzu yake, akapiga makofi, akasema hongera baba, wote wakapiga makofi, hata wale wa foleni. Halafu akatoa pipi iliyokuwa mdomoni mwake, ikiwa imebaki nusu, akaninyooshea.

Nikaila.