Kioo cha Noah hakikuvunjwa na bahari

Mie nakaa Wete, na jamaa zangu wenye gari wananijua kwa kuagizia spea, maana hapa Pemba ukitaka kioo cha mbele cha Toyota Noah au bampa la Toyota Alphard mara nyingi hupati, inabidi uagize Unguja au uvuke mpaka Gerezani Dar, na tukikwama kabisa tunaomba watu walioko Dubai. Kununua kitu ni siku moja tu. Kukifikisha kizima ndo kwenye shughuli, na kwa nilivyoona kwa macho yangu nasema wazi: spea kubwa zinavunjikia nchi kavu, mikononi mwa watu, halafu tunalaumu bahari na hamali wakati mwenye kosa ni yule aliefunga mzigo.

Kioo changu cha kwanza kilinifika bandari ya Mkoani, hapa Pemba, kina ufa umeanzia pembe ya chini ukapanda mpaka katikati kama mzizi wa mti. Duka lililonifungia lilikizungushia maboksi na kamba ya nailoni, likabandika stika nyekundu ya glasi, basi. Kila mtu akanambia "kusi hilo yakhe, mkondo wa Pemba unaujua mwenyewe", nami nikakubali, nikalipa kioo chengine. Cha pili nikasema nakisindikiza mwenyewe. Wallahi siku hiyo bahari ilichafuka, watu wanatapika, watoto wanalia, mie kila dakika naenda kukitazama kile kioo kimesimama ubavuni mwa magunia ya mchele hakijatikisika hata kidogo. Tumefika gatini, wakakibeba watu wawili, pa kushika hapana, wakaingiza vidole kwenye kamba, kamba ikamkata mmoja mkono akashusha upande wake, pembe ikagonga saruji. Ilikuwa kama kimo cha goti tu. Nilisikia ile sauti na roho yangu ikajua.

Yule hamali alikuwa mtu mzima, sawa na baba yangu. Nikamwendea nimeshapandwa na hasira nikamwambia, "Ami, stika hukuiona?" Akanijibu taratibu, "Mwanangu, hapa tunashusha mpaka usiku, mzigo niko nao kichwani, hiyo stika naisoma saa ngapi? Mie najua mzigo kwa mkono. Ukinipa kitu hakina pa kushika nitashika panapokuja." Maneno yale sijayasahau mpaka leo, na ndo yaliyonibadilisha namna ya kufunga.

Sasa kwanza ujue unachofunga. Kioo cha mbele ni vioo viwili vyembamba, kila kimoja kama milimita 2, katikati pana plastiki inayovishikanisha, ndo maana kikipigwa jiwe njiani hakimwagiki. Nguvu yake iko usoni, udhaifu wake uko ukingoni, hasa pembeni kwenye kona. Na kimepinda, kwa hiyo ukikilaza ukaweka kitu juu uzito wote unakandamiza ule mgongo wa katikati na kitapasuka tu, hata mzigo wenyewe ukiwa gunia la nguo. Kioo kinasafiri wima siku zote. Na kisisimamie kona, kikae juu ya vipande viwili vya mbao vilivyovikwa mpira, kimoja huku kimoja kule, ndani kidogo kutoka kwenye ncha, mpira wa tairi la baskeli unatosha kabisa. Kioo cha nyuma na vya milangoni ni habari nyengine, vile vinachomwa kwa moto mkali halafu vinapozwa ghafla, usoni vigumu mno lakini ukingo ukiguswa na chuma kinageuka punje punje chote kwa mara moja, hakuna cha ufa wala nini.

Kwa hiyo baada ya siku ile nikenda kwa seremala nikamwambia nataka fremu yenye umbo la A, miguu yake mipana isianguke, vishikio vinne kwenye kimo cha kiuno, na juu iishie na ncha kama paa la kibanda cha kuku. Akaniuliza paa la nini kwenye kioo? Nikamwambia ili mtu asiweze kuweka gunia juu yake hata akitaka. Mzigo ukiwa bapa juu, mtu anaona meza, ataweka kitu, na wala sio ubaya, ndo akili ya kupakia ilivyo, kila nafasi ijazwe. Mbao zilikuwa za mapaleti ya zamani, yale ya kuwekea mizigo, ilinitoka shilingi 35,000 pamoja na misumari na ufundi, na fremu ile nimeshaitumia kwa vioo vitatu, yote salama alhamdulillah.

Cha kujazia nakuambieni kitu ambacho naona tunakidharau. Watu wanahangaika kutafuta ile plastiki ya mapovu kutoka mjini wakati sie tuna usumba. Makumbi haya haya yanayofukiwa pwani na kupigwa na mama zetu, yametengenezewa magodoro miaka na miaka. Usumba unadunda, ukikandamizwa unarudi, na ukipata maji ya chumvi hauharibiki, wakati boksi la karatasi likipigwa na mawimbi mara moja tu linakuwa uji na kile ulichokitegemea hakipo tena. Mie nashona vifuko vya gunia najaza usumba navibana baina ya kioo na mbao, kisha nje navika nailoni nzito. Shangazi yangu alipohamia Wete kutoka Unguja alileta kabati zima la vyombo, kila sahani imevikwa khanga, zimesimama kwa ubavu, hamna hata moja iliyopata ufa. Aliyafanya hayo bila kufundishwa na mtu, na nikiangalia fremu yangu naona nimemfata yeye tu.

Bampa nalo lina maudhi yake. Jamaa mmoja alitaka la Alphard lije kwa ndege kutoka Dubai akidhani ni rahisi kwa vile ni jepesi, kilo 5 au 6 hivi. Ndege wanahesabu nafasi pia: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, unagawa kwa 6000, jibu likizidi kilo za mzani unalipa hilo. Boksi la 180 kwa 60 kwa 50 linakuja kilo 90! Ndo maana wauzaji wengine wanalikunja bampa lote liwe kama mkate wa kumimina uliokunjwa, wanakuambia ni plastiki litarudi. Plastiki ya bampa, ile iliyoandikwa PP kwa nyuma, ni kweli inakubali kupinda, ila rangi haikubali, inafanya nyufa nyembamba nyembamba, na masikio ya kufungia yanakatika, na likikaa wiki kadhaa ndani ya kontena lenye joto na mzigo juu linashika umbo la humo humo. Mie nasema lije kwa meli, lisikunjwe, tumbo lake lijazwe godoro kuukuu ili mtu akiliegemea lisibonyee, na ule mdomo wa chini upigiwe ubao mrefu uliofungwa kwa vitambaa.

Taa za mbele wala sina maneno mengi, masikio ndo yanayovunjika, vika kila sikio peke yake kabla hujavika taa nzima. Rejeta weka ubao wa plaiwudi pande zote mbili, mapezi yale yanalala kwa kidole tu.

Na kwa wauzaji wetu, naomba kwa dhati, mtu akinunua kioo muulizeni kinakwenda wapi. Kinachokwenda Magomeni kwa bajaji na kinachokwenda Pemba kubadilisha chombo mara mbili haviwezi kufungwa sawa. Tajieni bei ya fremu pembeni, wengi tutailipa, mie nishalipia vioo viwili vilivyovunjika kwa sababu ya kukosa mbao za elfu chache.

Siku hizi nikifika Mkoani namtafuta yule ami mwenyewe. Namuonesha vishikio, namwambia ndani mna nini, namlipa kabla hajabeba. Mara ya mwisho alikizunguka kile kifremu, akatia mkono kwenye kishikio, akamuita mwenzake, "Haya njoo, hichi kinabebeka." Wakakipandisha kwenye gari wima, tukakifunga kwa kamba mbili, na kabla sijatia saini nikafungua nailoni nikapitisha kidole ukingo mzima kutoka kona mpaka kona. Kizima.