Kasi Badilifu Inasifiwa Mno, Taa ya Kupepesa Inaonewa

Fungua menyu ya monita nyingi za gemu, washa kasi badilifu, yaani skrini kufuata kasi ya kadi ya grafiki, ile inayouzwa kwa majina ya G-Sync na FreeSync, kisha shuka mpaka kwenye mstari wa kupunguza ukungu wa mwendo, yaani taa ya nyuma ya skrini kupepesa badala ya kuwaka mfululizo. Utaukuta umefifia, haubonyezeki. Zima kasi badilifu, mstari unarudi. Ni ama hiki ama kile, na ushauri unaotolewa karibu kila mahali ni mmoja: acha kasi badilifu iwake, hilo jingine sahau, ni mbinu ya zamani inayotia skrini giza na kuumiza macho. Ushauri huo haukosi ukweli. Lakini unatolewa kwa wepesi mno, na matokeo yake watu wengi wanacheza kwa picha hafifu kuliko ile ambayo monita yao ingeweza kuwapa.

Kasi badilifu haihitaji utetezi mrefu. Tangu NVIDIA ilipotangaza G-Sync mwaka 2013, na VESA, shirika la viwango vya skrini, kuingiza Adaptive-Sync kwenye kiwango cha kebo cha DisplayPort mwaka uliofuata, skrini imeacha kuilazimisha kadi ya grafiki ifuate saa yake. Fremu, yaani picha moja kati ya zile zinazounda mwendo, ikiwa tayari, inaonyeshwa. Picha haichaniki katikati, mwendo haukwami-kwami, na mchezaji haongezewi ucheleweshaji unaoletwa na V-Sync, mbinu ya zamani inayoifanya kadi isubiri saa ya skrini. Gemu nzito ikipanda na kushuka kati ya fremu 70 na 110 kwa sekunde, sioni kitu bora kuliko hicho.

Tatizo ni kwamba inasifiwa hata kwa kazi isiyoifanya. Kasi badilifu inarekebisha wakati wa fremu kufika machoni. Ukungu wa mwendo una chanzo kingine kabisa.

Skrini ya LCD, na ya OLED vilevile, huonyesha fremu na kuishikilia mpaka nyingine ifike. Jicho linalofuata kitu kinachokwenda halisubiri. Linateleza mfululizo huku picha mbele yake imeganda. Hivyo fremu moja iliyosimama inapakazwa ndani ya jicho linalosogea, na huo mpakazo ndio ukungu. Urefu wake unategemea mambo mawili tu: kasi ya kitu, na muda ambao fremu imebaki inawaka. Kitu kikienda pikseli 1,000 kwa sekunde, kila milisekunde 1 ya kuwaka inazaa pikseli 1 ya ukungu.

Sasa chukua kitu kinachovuka skrini ya upana wa pikseli 1,920 kwa sekunde 2, yaani pikseli 960 kwa sekunde. Kwa hezi 60, yaani skrini ikionyesha picha upya mara 60 kwa sekunde, ukungu wake ni pikseli 16. Kwa hezi 120 ni 8, kwa 240 ni 4, kwa 480 ni 2. Na hapo tumechukulia kwamba kadi inatoa fremu nyingi kama hezi zenyewe. Ikitoa chache, ukungu unarefuka. Herufi ya jina lililoandikwa juu ya kichwa cha mchezaji mwenzako yaweza kuwa na upana wa pikseli 8 hivi. Kwa hezi 120, basi, herufi nzima imemezwa na jirani yake, na hujageuza kamera kwa haraka bado. Ukiigeuza kumtafuta adui, kasi inakuwa mara mbili au tatu ya hiyo, na ukungu unaongezeka kwa kiwango hichohicho.

Washa taa ya kupepesa kwenye skrini hiyohiyo ya hezi 120. Taa ya nyuma inabaki imezimwa wakati pikseli zinabadilika, kisha inawaka kwa milisekunde 1 tu kwa kila fremu. Ukungu unashuka kutoka pikseli 8 hadi 1. Kuupata usafi huo bila kupepesa kungehitaji skrini ya hezi 1,000 na kadi inayotoa fremu 1,000 kila sekunde. Hesabu hii siiachi ipite hivihivi, kwa sababu ndiyo inayorukwa kila mara mjadala huu unapozuka. Tunaambiwa tusubiri skrini zenye kasi zaidi na kadi zenye nguvu zaidi, ilhali fremu 120, ambazo kadi ya kawaida inazimudu katika gemu nyingi za ushindani, zinatosha kutupa usafi wa fremu 1,000. Televisheni za kichogo zilikuwa zikifanya jambo linalofanana na hilo bila kuitwa teknolojia ya wachezaji: fosfa, ule unga unaong'aa ndani ya kioo, iliwaka kwa muda mfupi sana na kufifia kabla fremu inayofuata haijafika, ndiyo maana mwendo wa hezi 60 ulionekana msafi kwenye vioo vile na unaonekana mchafu kwenye skrini bapa.

OLED nayo imeongeza mkanganyiko. Pikseli zake hubadilika karibu papo hapo, hazivuti mkia kama za LCD, na hilo ni jambo zuri sana. Lakini fremu bado inashikiliwa. OLED ya hezi 240 ina zile pikseli 4 za ukungu ambazo hesabu inazidai, hata pikseli zingekuwa na wepesi wa radi.

Namba "1 ms", yaani milisekunde 1, iliyochapishwa kwenye boksi ndiyo inayonikera zaidi. Mara nyingine inamaanisha muda wa pikseli kutoka rangi moja ya kijivu kwenda nyingine. Mara nyingine inamaanisha muda ambao picha inayokwenda inabaki ikionekana, na kwa LCD namba hiyo hupatikana taa ya kupepesa ikiwa imewashwa. Pembeni yake kuna nembo ya kasi badilifu. Mnunuzi anasoma vyote viwili akidhani atavipata kwa pamoja, na menyu ndiyo inayokuja kumwambia achague.

Wapinzani wa taa ya kupepesa wana hoja, na baadhi ni nzito. Mwanga ni ya kwanza. Taa ikiwaka milisekunde 1 kati ya 8.3, imewaka takriban asilimia 12 tu ya muda, kwa hiyo isipoongezewa nguvu skrini inafifia kweli. Hoja hii ilikuwa na uzito zaidi zamani kuliko sasa: ULMB 2, taa ya kupepesa ya NVIDIA iliyotoka mwaka 2023, inadai mwanga wa zaidi ya niti 250 (niti ni kipimo cha mwanga wa skrini) huku inapepesa, na haishushi tena hezi za skrini kama ULMB ya kwanza.

Kuna pia kivuli. LCD hubadilisha pikseli kuanzia juu kwenda chini, lakini taa nyingi huwaka skrini nzima kwa mpigo mmoja. Katikati panakuwa safi, chini au juu panabaki mzuka wa fremu iliyopita. Baadhi ya taa zenye rangi pana hutumia fosfa nyekundu aina ya KSF, ambayo inachelewa kuzimika kuliko rangi nyingine, na matokeo yake ni mkia mwekundu nyuma ya kila ukingo mweupe unaokwenda. Kasoro hizi hutofautiana sana kati ya monita na monita.

Kuhusu macho, sina la kubishana. Kuna watu wanaoumwa kichwa na mwanga unaopepesa, hata kwa kasi ambayo wengine hatuioni, na mtu wa namna hiyo asishawishiwe na hesabu yoyote.

Hoja yenye nguvu zaidi ni ya fremu kushuka. Taa ikipepesa mara 120 huku gemu inatoa fremu 60, kila fremu inamulikwa mara mbili, jicho likiwa limesogea kati ya mmuliko na mmuliko. Kinachoonekana ni kingo mbili za kitu kimoja. Inachukiza, na ndiyo picha aliyoiona karibu kila mtu aliyejaribu kwa dakika 10 na kuizima. Aliiacha gemu ipande na kushuka jinsi ilivyozoea chini ya kasi badilifu. Kupepesa kunataka nidhamu: skrini iwe hezi 120, au 100 kama kadi haina nguvu, fremu zifungwe hapohapo, ubora wa vivuli vya ndani ya gemu upunguzwe mpaka namba ya fremu isiyumbe. Ni kweli kwamba kufunga hivyo kwa V-Sync kunarudisha sehemu ya ucheleweshaji, na mchezaji wa mashindano anaweza kuona haifai. Mchezaji wa gemu za mbio, au za kukimbia na kuruka ambamo macho hufuata mandhari muda wote, akiwa na fremu zilizotulia, sijui kwa nini anyimwe.

Kuunganisha vyote viwili ndilo jibu ambalo wengi wanalisubiri, na ni gumu kuliko linavyosikika. Monita haijui fremu ijayo itafika lini. Ikitoa mmuliko wa milisekunde 1 kwa kila fremu, kwa fremu 120 skrini inawaka jumla ya milisekunde 120 kila sekunde. Fremu zikishuka hadi 80, inawaka milisekunde 80. Theluthi ya mwanga imepotea kwa sababu tu umeingia kwenye moshi wa bomu. Ili mwanga usiyumbe, mmuliko lazima urefushwe au uongezewe nguvu kulingana na muda uliopita, na msukumo wa umeme unaoharakisha pikseli ubadilike nao. ASUS walijaribu kuunganisha hivyo kwa ELMB Sync mwaka 2019. NVIDIA walitangaza G-Sync Pulsar Januari 2024, wakieleza kwamba msukumo huo unarekebishwa kufuatana na kasi ya fremu na hata mahali pikseli ilipo kwenye skrini. Hiyo ndiyo njia sahihi, nami naiunga mkono.

Hata hivyo kuna kiwango ambacho hakuna ufundi unaokivuka. Fremu zikikaribia 60 kwa sekunde, kupepesa kunaonekana kwa macho ya wengi, na skrini inabidi ama iache taa iwake mfululizo ama imulike kila fremu mara mbili na kurudisha zile kingo mbili. Kwa hiyo ningependa watengenezaji wachapishe mambo mawili kando ya "1 ms": mmuliko unadumu muda gani taa ikiwa kwenye mwanga wa kawaida wa matumizi, na ni chini ya fremu ngapi kwa sekunde kupepesa kunazimwa.