Cheti cha AS mlangoni kwa kadhi

Kuna rai yenye watetezi wengi hapa Mombasa, wa msikitini na wa kanisani: asifungishwe ndoa mtu yeyote mpaka alete cheti kinachoonyesha kama anabeba jeni ya selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, au sikoseli kama wengi tunavyouita. Wakikutana AS na AS, yaani wabebaji wawili, waachane mapema. Anayelisema hili mara nyingi ni mzazi aliyekesha na mtoto anayelia kwa maumivu ya mifupa, akazunguka mjini kutafuta watu wa kumtolea damu. Wengine wamezika. Wataalamu hukadiria kwamba katika nchi za Afrika, pasipo kupimwa na kutibiwa mapema, nusu au zaidi ya watoto wenye ugonjwa huu hawafikishi miaka mitano. Mzazi huyo akisema "lau ningalijua", hana wa kumjibu kwa wepesi.

Lakini cheti hicho kitamwangukia mtu ambaye mji huu bado haujamwelewa, naye ni mbebaji mwenyewe.

Mbebaji, yaani AS, ana jeni moja ya selimundu na moja ya kawaida. Si mgonjwa, wala hatageuka mgonjwa baadaye. Mara chache anaweza kuona damu katika mkojo, au kupata taabu akijichosha kupita kiasi bila maji. Zaidi ya hapo anafanya kazi, anazaa na kuzeeka kama wenzake. Tena jeni hiyo moja humkinga utotoni: watafiti wa Kilifi waliipima kinga yake dhidi ya malaria kali wakaikuta karibu asilimia 90. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alikwisha kuuonyesha uhusiano huo mwaka 1954, na ndiyo sababu jeni hii imeenea Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria huku ikiwa adimu nyanda za juu. Wahenga wetu wengi waliuvuka utoto wao kwa ajili yake. Leo mjukuu wao anaambiwa ana damu chafu.

Kinachovunja nyumba hasa ni ile robo. Mume na mke wakiwa AS wote wawili, kila mimba ina uwezekano wa robo wa mtoto mgonjwa, nusu wa mtoto mbebaji kama wao, na robo wa mtoto asiye na jeni hiyo kabisa. Watu husikia "mmoja katika wanne" wakadhani ni zamu: wa kwanza kaumwa, basi watatu wanaofuata wamesalimika. Mimba ya pili haijui ya kwanza ilitoka vipi. Ukipiga hesabu ya nyumba za AS kwa AS zenye watoto wanne wanne, utakuta karibu asilimia 32 hazina mgonjwa hata mmoja, asilimia 42 zina mmoja, na asilimia 26 zina wawili au zaidi. Wazazi wa nyumba zote hizo wana jeni zilezile. Tofauti yao ni bahati tupu.

Mtu akiitazama hesabu hiyo kwa makini ataona dhuluma ilipo. Ile theluthi iliyosalimika itaapa kwamba "kwetu maradhi hayo hayapo", na wakija kuposa watachunguza ukoo wa watu kwa kujiamini kabisa. Ile robo iliyopata wagonjwa wawili au watatu itaambiwa imetupiwa, ina mkosi, au mama yao amekuja nao. Kidole hunyooshewa mama, na upande wa kuumeni ndio huwa wa kwanza kukinyoosha. Ilhali mtoto hawi SS, yaani mgonjwa mwenye jeni mbili za selimundu, mpaka apokee jeni moja kwa mama na moja kwa baba; mchango wao ni sawasawa. Mke aliyerudishwa kwao kwa sababu ya mtoto mgonjwa amebeba lawama ambayo nusu yake ni ya mumewe. Na mume huyo akioa tena, jeni yake anakwenda nayo. Akimpata mwingine aliye AS, yale yale yataanza upya.

Wanaotaka cheti wana mfano mzito wa Saudi Arabia, ambako kipimo kabla ya ndoa ni lazima tangu 2004. Mwaka huo chini ya wachumba mmoja katika kumi waliokutwa hatarini ndio walioahirisha au kuvunja ndoa. Kufikia 2009 ilikuwa karibu nusu. Siupuuzi mfano huo. Ila sheria yao hailazimishi mtu kuachana na mchumba wake: inawapa majibu na ushauri, uamuzi unabaki wao. Hapa kwetu rai inayosambaa ni ya kuwakataza.

Kuna mfano wa pili usiotajwa sana. Katika kijiji cha Orchomenos, Ugiriki, ambako wazazi ndio waliopanga ndoa kama wengi wetu, wanasayansi waliwapima wanakijiji wakawaeleza hali zao. Walipofuatilia baadaye, ndoa za mbebaji kwa mbebaji hazikuwa zimepungua kuliko bahati ingeleta. Wabebaji walikuwa wametiwa doa, wengi wakaficha. Nikifikiria posa zetu za Mji wa Kale na Kisauni, mshenga akienda na kurudi, mashangazi wakipitia nasaba jina kwa jina, sioni kwa nini kwetu kungekuwa tofauti. Na nahofia atakayeulizwa cheti kwanza ni binti.

Halafu cheti chenyewe. Kipimo cha bei nafuu, kile cha kuangalia kama chembe nyekundu zinajipinda zikikosa oksijeni, hakitofautishi AS na SS. Wote wawili husomeka kwamba wanayo. Binti mzima wa afya anaweza kutoka hapo ameshaitwa mgonjwa. Jibu la kutegemewa hutoka kwenye elektroforesi ya himoglobini, kipimo kinachotenganisha aina za himoglobini katika damu, au mashine ya aina hiyo, na hata hiyo humchanganya aliyeongezewa damu karibuni, kwa kuwa inasoma na damu ya aliyemtolea.

Kupima nakutaka, tena kwa nguvu. Nataka kipimo kije mapema, kijana akiwa sekondari au chuoni, kabla hapajawa na posa ya kuvunja wala kadi za harusi kugawiwa, na jibu liwe lake, amwambie amtakaye. Akimpenda AS mwenzake, wakae na mshauri wapitie hesabu ya robo bila ya kutishwa. Wapo watakaoachana, na wana haki. Wapo watakaoendelea, nao pia wana haki, mradi wajue kwamba mtoto wao apimwe mara tu anapozaliwa. Akiwa SS aanzishiwe penisilini akitimiza miezi miwili, aendelee nayo mpaka miaka mitano, apate chanjo ya nimonia, alale ndani ya chandarua, na daktari aamue lini aanze dawa ya haidroksiyurea. Mama na bibi wafundishwe kupapasa bandama kila siku, na kumkimbiza hospitali akipata homa, hata ikiwa usiku.