Msimamizi wa Mirathi Si Mwenye Mali

Matanga ya baba yalipoisha hapa Nakuru, kabla hata hema halijafunguliwa, wazee walikuwa wamekwisha kuamua kwamba baba mdogo ndiye atakayeshughulikia saksesheni, yaani kesi ya mirathi kortini. Mama alikuwa ameketi pale pale, leso mabegani, na hakuna aliyemuuliza. Walisema wanampunguzia mzigo wa kuzungushwa kortini. Wiki mbili baadaye aliletewa mlangoni fomu ya kukubali baba mdogo awe msimamizi, kalamu ikiwa tayari imefunguliwa, naye akatia sahihi.

Hakuambiwa kwamba marehemu asipoacha wosia, Sheria ya Urithi, Sura ya 160, inamtaja mjane au mgane kwanza miongoni mwa wanaofaa kukabidhiwa usimamizi, ingawa neno la mwisho ni la mahakama.

Baba aliacha vyumba kumi na kimoja vya kupangisha Kaptembwo. Baba mdogo alipopata karatasi za korti, wapangaji wakaanza kumlipa yeye. Mama alipouliza habari za kodi akajibiwa, "Shemeji, mimi ndiye ninayetambuliwa na sheria." Hapo ndipo familia nyingi hunyamaza. Naamini ni kwa sababu tumechanganya kushika mali na kumiliki mali.

Ni kweli msimamizi ana mamlaka makubwa. Mali ya marehemu huwa mikononi mwake kisheria: anaweza kudai madeni, kukusanya kodi, kushtaki na kushtakiwa kwa niaba ya mirathi. Wala simwonei. Gharama halali za kesi na za kutunza mali zinatoka kwenye mirathi, si mfukoni mwake, na ni haki yake kuzidai.

Lakini ardhi hawezi kuiuza kabla mahakama haijathibitisha hati yake ya usimamizi, jambo ambalo kwa kawaida husubiri miezi sita tangu apewe. Kugawa mali kabla ya hapo pia hairuhusiwi. Akijiuzia mwenyewe kitu cha marehemu, mwenye maslahi anaweza kwenda kortini mauzo yakafutwa. Na yule shangazi au binamu anayebeba gari la marehemu kabla mtu yeyote hajapewa hati? Kifungu cha 45 kinaliita hilo kosa la jinai: faini isiyozidi shilingi 10,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Faini hiyo kwangu ni ndogo mno. Kuna mtu atailipa kwa kodi ya mwezi mmoja ya vyumba alivyopora.

Kinachonikera zaidi ni hesabu. Sheria inamtaka msimamizi apeleke mahakamani, ndani ya miezi sita, orodha kamili ya mali na madeni pamoja na hesabu ya alivyoshughulikia. Nimeongea na majirani wengi waliopitia saksesheni, na karibu wote hawakuwahi kuiona karatasi hiyo wala kuiulizia. Ukiuliza unaonekana unangojea mali, kana kwamba ulifurahia kifo. Nadhani mahakama isingoje mjane alalamike. Miezi sita ikipita bila hesabu, msimamizi aitwe aje aeleze.

Sisi tulilalamika. Kushindwa kutoa hesabu ni mojawapo ya sababu za kufuta hati ya usimamizi, na mama alipoambiwa hivyo alichukua matatu asubuhi na mapema akaenda kortini Nakuru. Alichobeba ni kaunta buku la baba, lenye jina la kila mpangaji na kila mwezi aliolipa, mpaka wiki aliyolazwa. Baba mdogo aliulizwa mwendelezo wa daftari lile. Hakuwa na hata risiti moja.

Siku hizi mama ndiye msimamizi. Kila tarehe 5 anatuita mezani, watoto wote wanne, hata yule asiyependa hesabu, anafungua ukurasa na kusoma chumba kwa chumba: nani amelipa, nani ana deni, fundi wa bomba alichukua ngapi. Hafungi daftari mpaka kila mmoja ameweka sahihi.