Mwavuli wa Shilingi Milioni Tatu

Nilikwenda benki kuomba mkopo wa mashine ya pili ya kusaga mahindi, kwa kuwa pale Kisenyi, Kampala, mwenye mashine moja huhesabiwa kuwa mpita njia tu. Afisa wa mikopo, kijana mpole mwenye tai ndefu kuliko subira yangu, alichukua namba ya kitambulisho changu cha taifa, akaitazama taarifa yangu ya CRB, ile ofisi inayotunza kumbukumbu za mikopo ya watu, kisha akaniuliza kwa adabu, "Mzee, hii kadi ya mkopo utailipa lini?"

Nilicheka. Nilimweleza kwamba kadi pekee niliyowahi kuwa nayo kwa mambo ya mikopo ni ile ya alama za vidole, tuliyotakiwa kuwa nayo sisi wakopaji baada ya CRB ya kwanza kuanza kazi nchini mwishoni mwa mwaka 2008, na kwamba kadi ile haikuwahi kuninunulia hata kiberiti. Yeye hakucheka. Aligeuza karatasi nikaona kwa macho yangu: kadi ya mkopo, imefunguliwa mwaka 2016, katika benki ambayo sijawahi kukanyaga hata baraza yake, na mbele yake 3,000,000.

Mawazo yangu hayakwenda kwa benki. Yalikwenda moja kwa moja kwa shemeji yangu. Mwaka ule alikuwa akiishi kwangu, alijua mahali ninapoweka vitambulisho, na zaidi ya yote alikuwa amenunua viatu vyenye ncha.

"Mama Zainabu," nilimwambia mke wangu, "ndugu yako amenimaliza."

"Baba Zainabu," alinijibu, "kula kwanza."

Sikula. Niliitisha kikao cha familia siku ya Jumapili na kuandika mashtaka nyuma ya taarifa ileile, nikaongeza na riba niliyoikadiria mwenyewe. Shemeji alifika mvua ikinyesha, akautikisa mwavuli wake na kuuacha wazi mlangoni ukauke. Nilisimama nikasoma, na nilipolitaja jina la benki, binti yangu Zainabu, ambaye husoma kila kilichoandikwa hata karatasi ya sabuni, akasema, "Baba, jina hilo liko kwenye mwavuli wa mjomba."

Nilipiga kelele kwamba ushahidi umejileta wenyewe kwa miguu.

"Shemeji," akasema taratibu, "mwavuli huu si ulinipa wewe?"

Hapo nikakumbuka. Mlangoni mwa duka moja kubwa la mjini, msichana mwenye fulana ya njano alinipa fomu ya kadi ya wateja, na kila aliyetia sahihi aliondoka na mwavuli wa bure. Jina la duka lilikuwa kubwa kama bango. Jina la benki iliyotoa kadi hiyo lilipita ukingoni mwa kitambaa kwa herufi ndogo kama mchwa, na ndilo hilo lililoandikwa CRB.

Jumatatu nilikwenda kwenye benki hiyo, kwa sababu CRB haibuni madeni. Huandika kile inacholetewa, na aliyekileta ndiye anayepaswa kukisahihisha. Karani alinionyesha kwamba milioni tatu zilikuwa kikomo cha kukopa, wala si deni. Deni lenyewe lilikuwa 190,000, ada za kila mwaka za kadi iliyokuwa bado imelala katika droo yao, kwani sikuwahi kwenda kuichukua. Baada ya kubishana hadi karibu na adhuhuri, walikubali kufuta ada, kuifunga kadi na kupeleka marekebisho CRB kwa maandishi, nami nikaomba nakala, maana sahihi zangu sikuwa nikiziamini tena.

Nilipoinuka, karani alinisogezea fomu nyingine akitabasamu, akasema wiki hiyo walikuwa wakigawa vikombe. Nilitoka mbio na kuingia kwenye mvua bila mwavuli, kwa kuwa shemeji alikuwa amekataa kuniazima.